Faili halijaharibika, jina lake ndilo refu mno

Kila robo ya mwaka wa fedha inapofungwa, ofisi za Dodoma hujaa malalamiko yale yale: Excel inakataa kufungua faili, folda haikopiki kwenye flashi, zipu inagoma kufunguka. Fundi anaitwa, Office inaondolewa na kuwekwa upya, na tatizo linabaki pale pale. Ni kazi bure, kwa sababu programu haina kosa.

Windows inahesabu njia nzima ya faili, kuanzia C:\ hadi herufi ya mwisho ya jina, pamoja na nafasi na mikwaju (\). Kikomo chake cha kawaida ni herufi 260, na moja kati ya hizo inatumiwa na mfumo wenyewe. Excel ina kikomo kifupi zaidi, 218. Ndiyo maana ndani ya folda moja Word inafunguka na Excel inagoma, na mtu anaapa kwamba faili la Excel limeoza.

Chukua jina hili: "Taarifa ya Utekelezaji wa Bajeti kwa Robo ya Kwanza Mwaka wa Fedha 2025-2026". Lina herufi 76. Likitumwa kama zipu, Windows ikilifungua hutengeneza folda yenye jina la zipu, na mara nyingi ndani yake mna folda nyingine ya jina hilo hilo, kisha faili lenyewe. 76 mara tatu ni 228, hata C:\ na Desktop hazijahesabiwa.

Kupima ni rahisi. Shikilia Shift, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Copy as path, bandika kwenye seli A1 ya Excel, futa alama za nukuu kama zipo, kisha andika =LEN(A1) kwenye seli nyingine.

Kurekebisha, anza na folda ya juu kabisa, si faili la chini: fupisha hiyo na kila kilichomo kinapona kwa pamoja. Ikiwa huna ruhusa ya kuibadili, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika subst X: ikifuatiwa na njia ya folda ndani ya alama za nukuu; folda itaonekana kama diski fupi X:, kisha fungulia faili humo. Ukimaliza, iondoe kwa subst X: /d. Kwa kunakili folda nzima tumia amri ya robocopy na /E (ibebe na folda za ndani), kwani inavumilia njia ndefu. Angalizo: vitabu vya Excel vilivyounganishwa kwa fomula vinaweza kupoteza viungo folda ikibadilishwa jina, kwa hiyo pitia Edit Links (matoleo mapya huiita Workbook Links) kwenye Data.

Wapo wanaoshauri kuwasha LongPathsEnabled, mpangilio wa Windows wa kuruhusu njia ndefu, uliopo tangu Windows 10 toleo la 1607. Sikubaliani nao kwa kazi za ofisi. Unasaidia programu zilizoandikwa kuutambua tu, na kikomo cha 218 cha Excel hakisogei.

Chanzo hasa ni kwamba tunanakili mstari wa YAH: wa barua na kuufanya jina la faili. Masjala walishapata jibu miaka mingi: jalada lina namba fupi ya kumbukumbu, maelezo yanakaa kwenye rejista. Kwenye kompyuta iwe vivyo hivyo: folda "2025-26", ndani yake "R1", ndani yake "Bajeti.xlsx". Na mkwaju wa kumbukumbu namba uandike kistari, maana Windows hairuhusu / kwenye jina.