Makande@9

Jamani mimi ni karani tu wa idara hapa chuoni, kazi yangu kuchapa ratiba na kuwaambia wanafunzi "Dokta katoka kidogo", lakini hii imeili ya kazini itanipandisha presha bure.

Paswedi kila siku 90 ubadilishe, iwe na herufi kubwa, namba na kidubwasha. Nilianza na Makande@1, sasa nipo Makande@9, mke wangu haelewi kwa nini akipika makande naguna. Na mzee aliyeyaandika haya masharti huko Marekani 2003, Bill Burr wa NIST, taasisi yao ya viwango, mwaka 2017 alisema mwenyewe anajuta maana watu tunabadilisha kanamba kamoja tu basi. Yeye kajuta, sisi adhabu inaendelea!

Sasa mwezi uliopita ikaingia imeili, MALIMBIKIZO YA POSHO, HAKIKI JINA LAKO. We! Nani atakagua anwani ya mtumaji hapo? Nikabonyeza, nikaweka paswedi, tena nikairudia taratibu kwa kidole kimoja nisikosee. Ikatokea picha ya samaki kwenye ndoano, "Umenaswa, hili ni zoezi la usalama". Kumbe walionitegea ni vijana wa TEHAMA wa hapo chini, hao hao wanaokuja kukopa sukari kwangu kila asubuhi! Eti anwani ilizidi herufi moja, eti ningeweka mausi juu ya linki bila kubonyeza ningeona inakoenda siko.

Haya, nikajifunza. Ikaja imeili ya kuniita mafunzo ya walionaswa, nikafuta huku nacheka peke yangu, hamnipati tena. Wiki iliyofuata kijana kanipigia, "Shikamoo mzee, mbona mafunzo hukuja?" Nikamjibu marahaba, nimeshawashtukia. Kumbe ilikuwa ya kweli, nimeandikwa mkaidi.

Jana napita uhasibu nakuta foleni, kila mtu kashika fomu. Fomu ya nini? "Malimbikizo, si ilitumwa kwenye imeili, mwisho leo saa tisa." Saa nane na nusu hiyo. Nikapanda ngazi mbio na huu mguu wangu, nikafungua kapu la taka, fomu ipo, anwani haijazidi hata nukta, jina langu kamili na hela zenyewe zimeandikwa. Nabonyeza niichape, kompyuta inaniambia paswedi imeisha muda, weka mpya.

Nikaweka Makande@10. Ikakataa, eti inafanana na ya zamani.