Aseme au anyamaze? Rubani mwanafunzi mbele ya daktari wa kikosi

Mwanafunzi wa urubani katika Jeshi la Anga la Marekani akiamka na mafua asubuhi ya mruko wa mtihani, ana hesabu ya kupiga kabla hata hajanywa kahawa. Akipita kwa daktari wa kikosi, itajazwa fomu DD 2992 na jina lake litaondolewa kwenye ratiba. Kambini hali hiyo huitwa DNIF: yuko kazini, ila haruki. Asipopita, atavaa helmeti na kwenda zake, na huenda asijue mtu.

Shule zenyewe zinajulikana: Columbus kule Mississippi, Laughlin na Sheppard Texas, Vance Oklahoma. Kwa miaka mingi wanafunzi wameanzia kwenye T-6, ndege ya pangaboi moja yenye injini ya nguvu farasi 1,100, kisha wanaoelekea kwenye ndege za kivita huhamia T-38, binamu ya ile F-5 ambayo wakazi wa Nanyuki wameizoea. Alama za darasani ndizo zinazochangia kuamua nani atapewa ndege ya kivita na nani ya mizigo. Mafunzo huchukua takriban mwaka mmoja, na kila siku ya kukaa chini wenzako wanasonga. Ukikaa sana unarudishwa kwenye darasa linalofuata, na watu mliokuwa mnasoma nao usiku unaanza kuwaona kwa mbali.

Walio nje hulifanya jambo hili kuwa la tabia: mkweli huripoti, mwongo hunyamaza. Hapo wanakosea. Anayenyamaza mara nyingi amepima bei, na bei hiyo si ya kubuni. Mwombaji wa urubani hupimwa kwa Daraja la Kwanza, kipimo kikali kuliko vyote. Rubani mwenye mabawa, ile beji ya kuhitimu, yuko Daraja la Pili. Ugonjwa uleule unaoweza kumfungia mwombaji mlango hutolewa kibali cha msamaha kwa rubani aliyekwishahitimu, kwa sababu jeshi limekwishamgharamia. Mwaka 2019 taasisi ya RAND ilikadiria kwamba kumfikisha rubani wa ndege ya kivita ya F-22 kwenye sifa za msingi hugharimu dola milioni 10.9, na wa ndege ya mizigo ya C-17 dola milioni 1.1. Mtu wa namna hiyo hatupwi hovyo. Mwanafunzi yumo katikati: ameshaingia, ila hajawa mali. Ndiyo maana ushauri wa chinichini katika kila kambi ni uleule: vumilia mpaka upate mabawa, ndipo ukaseme.

Na hofu hii haiishii shuleni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwahoji marubani 3,765 wa Marekani, na asilimia 56.1 walikiri kwamba wamewahi kukwepa huduma ya afya kwa namna fulani wakihofia kupoteza cheti chao cha afya. Mahali ambapo zaidi ya nusu ya watu wanafanya jambo moja, kuwahubiria uaminifu hakusaidii kitu. Afadhali tuchukue maradhi moja moja, tuone ni wapi ukimya unalipa na ni wapi unamla mwenyewe.

Tuanze na mafua, kwa kuwa ndiyo yanayowafikia wengi. Sikio la kati ni chumba chenye hewa, kimefungwa upande mmoja na kiwambo cha sikio, na upande wa pili kimeunganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ndege ikipanda, hewa ya ndani hutanuka na kujitokea yenyewe. Ikishuka, ni lazima hewa irudi ndani, na mrija uliovimba kwa mafua haufunguki. Hapa T-6 ina mtego wake. Kuanzia futi 8,000 mpaka futi 18,000 hivi, mtambo wa hewa hushikilia chumba cha marubani kwenye hali ya futi 8,000. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshuka kutoka juu haoni kitu masikioni. Anajiambia amepona. Akivuka futi 8,000 kwenda chini, chumba kinaanza kushuka pamoja na ndege.

Sasa angalia namba. Kwenye futi 8,000 mgandamizo wa hewa ni milimita 565 hivi za zebaki. Kwenye futi 4,000 ni 656. Kwenye usawa wa bahari ni 760. Tofauti kati ya ndani na nje ya kiwambo ikifika milimita 80 hadi 90, misuli ya koo haina tena nguvu ya kuufungua mrija. Umejifunga. Kwa mwendo wa kushuka futi 4,000 kwa dakika, asiyezibua masikio hufika hapo kwa takriban dakika moja, na kiwanja bado kiko mbali chini. Kuanzia hapo kubana pua na kupuliza hakusaidii. Dawa yake ni kupanda tena mpaka sikio liachie, kisha kushuka polepole huku ukizibua kila futi mia kadhaa. Lakini mwanafunzi aliyeficha mafua ndiye wa mwisho kumwambia mwalimu “naomba tupande”, kwa sababu kusema hivyo ni kujitaja. Basi anavumilia maumivu, anakosa simu ya redio moja, mbili, anaingia kwenye mzunguko wa kutua kichwa kikivuma. Damu ikikusanyika nyuma ya kiwambo, au kiwambo kikipasuka, siku tatu nne alizotaka kuziokoa zinageuka wiki. Hata mbinafsi kabisa akipiga hesabu hii vizuri ataenda kwa daktari. Wengi hubeba kichupa cha dawa ya kupuliza puani. Kichupa hicho ni cha kukushusha salama pale ulipobanwa ukiwa tayari juu; anayekipuliza ili apate kupaa amekigeuza kazi.

Kichefuchefu cha angani ni kesi nyingine, na ina utata zaidi kuliko inavyoonekana. Kukificha ni kugumu, maana mwalimu yuko kiti cha nyuma na mfuko wa kutapikia hauna siri. Jeshi hutofautisha anayetapika na anayejisikia vibaya tu kiasi cha kushindwa kazi, na wote wawili huandikwa. Ukirudia, unapelekwa kwa daktari: chakula kinaangaliwa, maji, usingizi, unafundishwa kupumua kwa tumbo, halafu unakalishwa kwenye kiti cha Barany, kile kinachozunguka huku umefumba macho na kuambiwa uinamishe kichwa kulia, kushoto, mbele. Siku kadhaa za hivyo na ubongo wa wengi huzoea. Zipo pia dawa ambazo daktari anaweza kuruhusu kwa miruko michache ya mwanzo, mwanafunzi akiwa na mwalimu tu.

Wanaotetea kunyamaza wana hoja hapa. Mwili huzoea kwa kuruka mfululizo, na ukikaa chini mazoea yanapotea. Kwa hiyo kuripoti kukimletea mwanafunzi wiki ya kungoja miadi, tiba yenyewe imemrudisha nyuma. Tena kuna woga wa kudhaniwa kwamba shida yake ni hofu ya kuruka, tuhuma ambayo inaweza kumtoa kabisa kwenye mafunzo. Hayo ni kweli. Lakini anayekwenda kununua vidonge vya safari dukani anajiongezea ubaya: vingi vinaleta usingizi, na vinachelewesha kule kuzoea anakokutafuta. Anayesema kwenye mruko wa tatu huhesabiwa wa kawaida. Anayegundulika kwenye mruko wa ishirini ana maswali ya kujibu.

Kuna upande wa karatasi ambao vijana wa miaka 23 hawaufikirii. Mgongo na shingo huumia kwenye kazi hii. T-6 inaruhusiwa kufika G 7, na kichwa chenye helmeti kwenye G 5 kina uzito mara tano huku shingo ikiwa imegeuzwa kuitafuta ndege ya mwenzake. Maumivu yasiyoandikwa popote hayakuwahi kutokea. Miaka kumi na tano baadaye, mtu akienda kudai fidia ya ulemavu kwa idara ya wanajeshi wastaafu, swali la kwanza ni: iko wapi rekodi ya wakati ulipokuwa jeshini? Kinyume chake pia kina mkuki. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba mamlaka ya anga ya kiraia ya Marekani ilikuwa ikiwachunguza marubani takriban 4,800 waliowahi kuwa jeshini, baada ya kulinganisha mafao yao ya ulemavu na fomu zao za afya. Upande mmoja walisema wanaumwa, upande wa pili wazima. Na kwa aliye bado kwenye sare, kusaini maelezo ya uongo ni kosa chini ya kifungu cha 107 cha sheria ya kijeshi. Nafasi ya kuficha nayo inapungua: tangu mwaka 2022 mfumo wa rekodi za matibabu wa MHS Genesis unatumika hata kwenye vituo vya kupimia waombaji, na unaweza kuvuta taarifa za hospitali za kiraia.

Sehemu ngumu ni akili. Mwanafunzi asiyelala wiki ya tatu mfululizo, anayelia bafuni, aliyefiwa au aliyeachwa, hapewi jibu rahisi. Daktari wa kikosi ni mtu wa karibu. Anakula mesi moja nao, anapanda ndege nao. Jina lake la Kiingereza, flight surgeon, lina neno la upasuaji ingawa hapasui mtu. Lakini huyohuyo anayesikiliza ndiye anayesaini, na sheria zinamtaka rubani aliyetibiwa kokote nje aje kwake kabla ya kuruka tena. Kumwambia mtu “zungumza, hutapoteza kitu” ni kumdanganya. Anaweza kupoteza miezi, na katika hali fulani kupoteza kazi.

Kilichopo ni ngazi, na mwanafunzi anapaswa kuzijua kabla hajazihitaji. Kasisi wa kambi analindwa na usiri kamili. Huduma ya Military OneSource hutoa vikao visivyo vya kitabibu, hadi 12 kwa jambo moja, ambavyo haviingii kwenye faili la matibabu, isipokuwa kwa mambo yanayolazimu kuripotiwa, kama hatari ya mtu kujidhuru au kudhuru wengine. Juu ya hapo kuna Sheria ya Brandon, iliyoitwa kwa jina la Brandon Caserta, baharia aliyejiua mwaka 2018; utekelezaji wake ulianza mwaka 2023, nayo inamwezesha askari kuomba kupimwa afya ya akili bila kulazimika kutoa sababu. Kwa msongo wa kawaida ngazi mbili za mwanzo zinatosha. Kwa ugonjwa wenyewe hazitoshi, na hapo lawama kubwa iko kwa jeshi kuliko kwa mwanafunzi. Taasisi inayompa kapteni mwenye mabawa njia ya kutumia dawa za sonona kwa kibali, kisha ikamwacha luteni wa shuleni akisie hatima yake, imemfundisha luteni huyo kunyamaza. Ingetosha kutangaza mapema, ugonjwa kwa ugonjwa, ni siku ngapi za kukaa chini na ni uwezekano gani wa kurudi. Watu hukimbia zaidi bei wasiyoijua.

Kuna aina moja ya dalili ambayo si ya mwanafunzi peke yake. Kizunguzungu, vidole kufa ganzi, kuona finyu, kichwa kuwa chepesi ukiwa na barakoa ya oksijeni usoni: hapo mgonjwa anaweza kuwa ndege. T-6 hutengeneza oksijeni yake kutokana na hewa ya injini, na Februari 2018 jeshi lilisimamisha miruko yote ya T-6 kwa karibu mwezi mzima baada ya matukio ya namna hiyo kurundikana. Ilionekana kwamba kiwango cha oksijeni kilikuwa kikipanda na kushuka, na kwamba vali za kutolea maji na vipima oksijeni vilikuwa vikiharibika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka mmoja kabla, walimu wa T-45, ndege ya mafunzo ya Jeshi la Wanamaji, waligoma kuruka mpaka wakubwa wakasikia. Ndege hizo ziliporuhusiwa tena zilianza kwa kubaki chini ya futi 10,000. Na kwenye F-22 ilibidi marubani wawili wa Virginia watokee kwenye televisheni, Mei 2012, kulalamikia hewa wanayovuta.

Kila mwanafunzi aliyejisemea “labda sikula vizuri” kabla ya Februari 2018 alimnyima fundi alama moja kwenye ramani. Upungufu wa oksijeni una ubaya mwingine: unakufanya ujione uko sawa. Ndiyo maana hatua zake hazingojei uhakika. Vuta pete ya kijani ya oksijeni ya dharura, shuka chini ya futi 10,000, tua haraka inavyowezekana, kisha nenda moja kwa moja kwa daktari huku ndege ikibaki kama ilivyo. Kabla ya kulala andika saa, futi, G uliyokuwa ukivuta, taa iliyowaka au isiyowaka, barakoa ilibana au ililegea, na dalili ipi ilitangulia. Fundi akiuliza kesho, kumbukumbu ya mtu aliyekosa hewa haitamfaa kitu, ila hayo maandishi atayatumia.