Bwawa lipimwe kabla mgodi haujalikaribia

Mgodi wa makaa ya mawe unapoelekea kwenye bwawa, swali la kwanza huwa ni umbali. Kinachukuliwa kina cha tabaka la makaa, unachorwa mstari wa kupanda kutoka ukingo wa machimbo, aghalabu kwa nyuzi 35 kutoka wima, na bwawa likiwa nje ya mstari huo, kazi inaruhusiwa. Tabaka likiwa mita 400 chini, mstari hutokea juu ya ardhi kama mita 280 kutoka ukingo. Hesabu hiyo ni halali, lakini inahusu kutitia kwa ardhi tu. Kwa ukuta wa bwawa ninaogopa zaidi mwendo wa ubavu.

Kitalu cha makaa kikishaondolewa chote na paa kuachwa liporomoke, miamba iliyokuwa imebanwa kwa pembeni hupata nafasi ya kusogea. Kwenye bonde lenye kina, kuta mbili za bonde husogeleana. Katika migodi ya kusini mwa New South Wales, Australia, mwendo wa aina hii umepimwa zaidi ya kilomita moja kutoka machimboni, mahali ambapo ardhi haikutitia kwa kiasi cha kutajika. Ukuta wa zege ulioshikwa na mlima huku na huku hauna pa kukimbilia: milimita chache za bonde kujifunga zinatosha kufungua viungo na kuleta nyufa. Tuta la udongo huvumilia zaidi, ila likivutwa hupasuka, na ufa ukikata kiini cha udongo wa mfinyanzi kinachozuia maji, maji huanza kubeba udongo kutoka ndani.

Bwawa la Zeuzier, Uswisi, lina somo ingawa hakukuwa na makaa pale. Ukuta wake wa zege, wenye kimo cha mita 156, ulikuwa umetulia miaka ishirini hivi. Mwaka 1978 njia ya uchunguzi kwa ajili ya handaki la barabara ilichimbwa zaidi ya kilomita moja kutoka hapo. Ilinyonya maji ya miambani, miamba ikashuka, bonde likajibana, ukuta ukapasuka. Timazi zilizoning'inizwa ndani ya ukuta ndizo zilizotoa taarifa, kwa sababu mwendo wake wa kawaida ulikuwa unajulikana. Bila miaka ile ya vipimo, tofauti ya milimita chache ingeitwa joto la msimu.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: kipimo kilichoanza baada ya mgodi kukaribia ni nusu ya kipimo. Ukuta wa zege hupumua kila mwaka, ukisukumwa na kimo cha maji na kurudishwa na joto. Unahitaji angalau mwaka mzima wa vipimo, na miwili ni bora, bwawa likiwa limejaa na likiwa limepungua, ili uweze kutoa mwendo wa maji na wa joto na kubaki na usioeleweka. Kule Pennsylvania, Marekani, ziwa la Duke liliondolewa maji mwaka 2005 baada ya ukuta wake kuharibika, na mvutano kati ya jimbo na kampuni ya makaa juu ya chanzo cha uharibifu ukaenda hadi makubaliano ya 2013. Vipimo vya awali vilivyosainiwa na pande zote mbili ni shahidi asiyeweza kununuliwa.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni mahali pa nguzo ya mpimaji, ile anayosimamishia chombo chake cha kupimia ukuta. Ikijengwa mita 200 kutoka ukutani, nayo iko ndani ya eneo linalosogea. Nguzo na ukuta vinakwenda pamoja, na karatasi inasema kila kitu kimetulia. Alama za marejeo ziwe kilomita kadhaa mbali, zikiunganishwa kwa GPS. Kisha upimwe mstari wa kukata bonde, kutoka bega moja la ukuta hadi jingine. Kwenye mstari wa mita 300, kukosea joto la hewa kwa nyuzi 1 kunaleta kosa la karibu milimita 0.3, kwa hiyo joto lisomwe ncha zote mbili.

Pizomita, yaani vyombo vya kupima shinikizo la maji ndani ya mwamba na udongo, nazo huwekewa tahadhari ya kupanda tu. Shinikizo la maji chini ya ukuta likishuka, mhandisi wa bwawa hufurahi, kwani nguvu ya maji inayouinua ukuta imepungua. Karibu na mgodi furaha hiyo ni ya hatari. Shinikizo linaloshuka kwenye mwamba wa pembeni bila kimo cha bwawa kushuka maana yake maji yamepata njia ya kwenda chini. Weka tahadhari ya kushuka pia.

Uvujaji upimwe kwa bamba lenye kikato cha pembe ya nyuzi 90, kwani jicho hudanganywa. Kimo cha maji juu ya ncha ya kikato kikiwa milimita 50, yanapita karibu lita 0.77 kwa sekunde; kikifika milimita 60, lita 1.2. Milimita 10 tu, na uvujaji umeongezeka kwa zaidi ya nusu! Tope likiziba kikato, maji hupanda nyuma ya bamba na kipimo hudanganya, basi kisafishwe kabla ya kusoma. Na maji yakitoka na rangi ya udongo, usisubiri kipimo kingine.

Yote haya ni bure kama hakuna mwenye mamlaka ya kusimamisha mashine. Ukisimamisha uchimbaji, paa huendelea kulemea nguzo za chuma zinazoishika, na makaa yaliyoachwa nyuma yanaweza kupata moto yenyewe. Ndiyo maana mgodi husita. Tena miamba haitulii siku ileile. Kwa hiyo kikomo cha kusimama kiwekwe chini sana ya kile ukuta unachoweza kustahimili, kiandikwe kwenye kibali kabla ya makaa ya kwanza kukatwa, na mwenye bwawa awe na haki ya kutoa amri hiyo saa nane za usiku bila kuomba ruhusa ya mgodi.