Usiniulize farasi ngapi, niambie udongo gani

Masika yakikaribia, simu huanza. Mtu anataka kununua trekta dogo, na swali lake la kwanza ni lilelile: la nguvu za farasi ngapi litanitosha? Namuuliza shamba lake liko wapi. Wapo wanaoudhika, wakidhani nakwepa kujibu.

Sikwepi. Unguja hii ndogo, ukitoka kwenye kichanga (udongo wa mchanga) na kinongo (udongo wa wastani) cha upande wa magharibi, ukaingia kinamo (udongo mzito wa mfinyanzi) cha bonde la Cheju, kisha ukenda mashariki kwenye maweni (ardhi ya mawe), umepita ardhi ambazo haziwezi kutumia haro moja kwa namna moja. Haro, yaani kile chombo cha sahani za chuma kinachovutwa na trekta kuvunja udongo, ndiyo ya kuchaguliwa mwanzo, trekta lifuate.

Nilijifunza kwa hasara. Mimi na ndugu zangu wawili tulinunua trekta la farasi 26 pamoja na haro ya sahani 16, kila sahani inchi 18. Aliyetuuzia alisifu upana: mtamaliza kazi mapema. Kwenye kichanga chetu cha muhogo ilikwenda vizuri, tukafurahi. Tulipoipeleka Cheju, sehemu ile ya mpunga unaotegemea mvua, sahani zilipita juu juu zikikwaruza kinamo kama kucha. Tukazidisha pembe ya sahani, yaani zikae mshazari zaidi, ili ziume. Hapo magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka pale pale, mafuta yakaisha, na shamba likabaki mabonge.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba haro haisukumwi chini na trekta. Huzama kwa uzito wake na kwa pembe ya sahani zake. Ile yetu ilikuwa na kilo 280 hivi. Gawa kwa 16, kila sahani inapata kilo 17 na nusu. Kwa kinamo kilichoanza kukauka, hizo si kitu. Tukaipeleka kwa fundi akaifupisha ibaki na sahani 12, ikashuka hadi kilo 240, kisha tukafunga juu yake viroba vya mchanga vya kilo 60. Sasa kila sahani ina kilo 25, na trekta lilelile linaivuta bila kuteleza. Upana uliobaki, kiasi cha mita 1 na sentimita 30, bado unafuta alama za magurudumu yetu, na hicho ndicho kipimo cha chini: haro ikiwa nyembamba kuliko nyayo za trekta, utaacha mistari iliyokandamizwa.

Viroba vina gharama yake. Mzigo ukizidi nyuma, ukinyanyua haro usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mteremko hiyo ni hatari kwa roho ya mtu. Tulifunga vyuma vya uzito mbele ya trekta. Wa Pemba, wenye vilima, walitilie hili maanani zaidi, na waburuge kwa kukata mteremko, si kuufuata, la sivyo mvua ya kwanza itaondoka na udongo wao.

Kwenye kichanga tunatoa viroba na kupunguza pembe. Ukiacha pembe kubwa, sahani huchimba mno na kuacha matuta na mifereji. Kinongo kiko katikati, hakina taabu. Maweni mimi sipeleki haro kabisa, hata kwa fedha. Jiwe liko juu, sahani zinamegeka, na jembe la mkono linafanya kazi safi zaidi. Kama shamba lina mabua na majani mengi, sahani za mbele ziwe za meno, za nyuma laini zinatosha.

Lakini hata haro iliyolingana na trekta huharibu shamba ikiingia siku mbaya. Chimba shubiri moja, chukua udongo, ubane kiganjani, kisha ubonyeze kwa kidole gumba. Ukivunjika, ingia. Ukinyooka na kung'ara kama ulongo wa kufinyangia, rudi nyumbani, kwani utajenga tabaka gumu chini ambalo mizizi haitapenya. Kinamo hukupa siku chache tu baina ya ulongo na tofali, ndiyo maana mwenye trekta dogo azitumie siku hizo, asingoje Aprili mvua zikishakolea. (Siongelei mabonde ya umwagiliaji kama Mtwango, ambako udongo huburugwa ndani ya maji kwa makusudi. Hiyo ni kazi nyingine na vyombo vingine.)

Kwa maoni yangu, wanaotuuzia haro wangetufaa zaidi kwa kuuza fupi na nzito kuliko pana na nyepesi. Mkulima wa eka mbili hafukuzani na upana.

Juzi jirani kaniambia kapata trekta la farasi 30 kwa bei nzuri na haro ya sahani 20. Nimemsihi asilipe kwanza. Kesho asubuhi anakuja na udongo wa shamba lake katika mifuko miwili, wa juu na wa shubiri moja chini.