Anayewinda Kware Bila Mbwa Ajifunze Kwanza Kuita

Ukikaa na wawindaji wa kware hutakosa kumsikia mmoja akisema kwamba asiye na mbwa heri abaki kwake. Sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo. Mbwa aliyefunzwa vizuri ni msaada mkubwa, na kuna kware mmoja ambaye siwezi kumshauri mtu amfuate bila mbwa. Lakini mbwa hula mwaka mzima, hutaka nafasi, mafunzo na matibabu, ilhali msimu wa kuwinda ni miezi michache tu. Wapo watu wanaoupenda uwindaji huu na hali zao haziwaruhusu kufuga. Kuwaambia wakae kando ni kuwanyima bure, maana kware ni ndege anayesema mwenyewe alipo. Kinachotakiwa ni mtu ajue kumuuliza, na chombo cha kumuulizia ni kipenga kidogo cha mbao ambacho mtu anaweza kukichonga kwa mikono yake.

Msingi wa yote haya ni kwamba kware hawezi upweke. Mchukue bobwhite, anayepatikana kuanzia mashariki ya Marekani hadi Meksiko. Majira ya baridi huishi katika makundi ya ndege 10 hadi 15 hivi. Usiku hulala chini kwa duara, mikia ndani na vichwa nje, wakipashana joto huku kila mmoja akielekea upande wake. Ndege aliyebaki peke yake usiku wa baridi yuko hatarini, na ndiyo maana kundi likitawanywa hakuna anayevumilia kunyamaza kwa muda mrefu. Mmoja huita, mwingine huitika, na taratibu hukusanyika tena. Mwenye kipenga huingia katika mazungumzo hayo.

Hapa ndipo naona wengi wanakosea. Sauti ya bobwhite inayojulikana na kila mtu ni ile mbinja ya dume iliyompa jina, inayoanza chini kisha ikapanda ghafla. Ni rahisi kuiga hata kwa midomo mitupu. Lakini hiyo ni sauti ya dume anayetafuta jike, na wakati wake ni machipuko na kiangazi. Mtu anaipiga mwezi wa Novemba, hapati jibu, anarudi akikilaumu kipenga. Msimu wa kuwinda ukifika, sauti yenye kazi ni ile ya kukusanyana, ambayo kwa bobwhite husikika kama "koi-li" na hutolewa kwa nguvu zaidi alfajiri. Wataalamu wa wanyamapori huitumia hiyohiyo kuhesabu makundi. Mwezi wa Oktoba husimama shambani kungali giza na kuandika kila upande unakotoka mwito, kwa sababu katika nusu saa ya mwisho kabla ya jua kuchomoza, kundi baada ya kundi hujitangaza.

Kware wa magharibi mwa Marekani wana miito yao. Wa California hutoa silabi tatu, ya kati ikiwa imekazwa: "ka-KAA-ko". Wa Gambel, mkaazi wa jangwa la Sonora huko Arizona na majimbo ya jirani, huongeza ya nne mwishoni. Ninapomwonyesha mtu anayeanza, humwambia asihangaike na utamu wa sauti, ashughulikie mwendo wake. Silabi ipi ni fupi, ipi imekazwa, na kimya kinadumu kiasi gani kabla ya kurudia? Nimewasikia ndege wenyewe wakitoa sauti zilizopasuka, nyembamba au nzito, na wenzao wakawajibu vilevile. Mpangilio wa silabi hawaukosei.

Sasa kipenga chenyewe. Ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha vipande viwili vya mbao, kila kimoja na urefu wa kidole hivi, vilivyolainishwa upande unaokutana na kupunguzwa kidogo kwa tupa katikati ili paachwe mwanya mwembamba. Kati yake hupitishwa ukanda wa mpira uliovutwa, kisha vipande hufungwa pamoja miisho yote miwili. Ukipuliza, hewa inapita kando ya mpira nao unatetema. Ukiuvuta zaidi, sauti inapanda, na ukiulegeza inashuka. Pumzi itoke tumboni kwa vipigo vifupi, mashavu yasijae hewa, na viganja vizunguke kipenga vikifunguka kwenye silabi iliyokazwa. Mazoezi hayo huchukua muda, na sioni njia ya mkato.

Mbao ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pumzi ya mtu ina unyevu mwingi. Mbao laini huunyonya, hufura, mwanya hubanwa, na kabla asubuhi haijaisha sauti imefifia. Mbao ngumu iliyokauka sawasawa hushika umbo lake. Mpingo ni mfano mzuri, na si bure kwamba watengenezaji wa klarineti na obo wameuchagua kwa miaka mingi. Kipenga kipakwe nta au mafuta kwa nje, ila mafuta yasifike kwenye mpira, kwani mpira wa asili huharibiwa na mafuta upesi. Jua nalo huukausha ukapasuka, kwa hiyo beba mikanda ya akiba mfukoni.

Kwa nini nasisitiza kilichotengenezwa kwa mkono, wakati vya plastiki vimejaa madukani na vingine vinalia vizuri? Kwa sababu aliyekichonga anajua pa kugusa sauti inapoharibika. Amesikia mwanya ukiwa mpana mno, amesikia ukiwa finyu mno, amepitisha msasa mara mbili tatu akasikia tofauti. Kabla hajakanyaga porini, sikio lake limeshafundishwa. Na asiye na mbwa hana kingine cha kutegemea isipokuwa sikio hilo.

Sauti iliyorekodiwa na kupigwa kwa simu au kipaza sauti siitaki kabisa. Sehemu nyingine sheria yenyewe inaikataza. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda ndege ya mwaka 1979, iliyotolewa upya mwaka 2009, inataja vinasa sauti miongoni mwa njia zilizopigwa marufuku. Kila mwindaji anapaswa kusoma kanuni za mahali anapowinda kabla ya kubeba chombo chochote cha kuitia. Lakini hata pale sheria inaporuhusu, rekodi haisikilizi. Inarudia kwa nguvu ileile ndege anapokuwa mbali na anapokuwa kichakani hatua kumi kutoka ulipo, mahali ambapo ungepaswa kunong'ona au kunyamaza kabisa.

Na sehemu kubwa ya kazi hii ni kunyamaza. Fika kabla ya mapambazuko, kaa mahali palipoinuka kidogo, usiguse kipenga. Waache waanze wenyewe. Kukiwa kimya hadi mwanga unakaribia, ita mara mbili au tatu, kisha acha dakika kadhaa zipite. Anayeita mfululizo huzima majibu anayoyatafuta. Ukisikia mwito, usiinuke upesi. Shika alama ya upande ule, mti au jiwe, usubiri wa pili na wa tatu ili ujue kama ni kundi moja linalosogea au ni mawili.

Kulifikia kundi ni jambo jingine, na linategemea aina. Bobwhite hujibana chini hadi umkaribie sana. Wa Gambel hukimbia, tena hupenda kukimbia kupanda mlima, na anayewafuata kwa mwendo wa pole atawafuata mchana kutwa bila kuona hata mmoja akiruka. Hao lazima uwaendee kwa kasi hadi waruke na kutawanyika. Kware aliyetengwa na wenzake hubadilika, akaacha kukimbia na kujificha palepale alipotua.

Hapo ndipo kipenga kinapoonyesha thamani yake halisi, na ndipo wenye papara wanapoharibu kila kitu kwa kukimbilia kule ndege walikotua. Keti. Subiri robo saa, au zaidi kama kundi limetishika sana. Kisha ita kwa sauti ya chini, mara moja. Mara nyingi jibu hutoka karibu kuliko ulivyotazamia. Mwendee huyo aliyejibu, kwa hatua chache chache, ukisimama mara kwa mara. Kule kusimama humtia wasiwasi ndege aliyejificha kuliko kishindo cha miguu, na ndiko humfanya aruke.

Hoja moja ya wenye mbwa naikubali bila kusita, nayo ni ya ndege wanaopotea. Kware wengi wa Marekani hawafiki gramu 250, na manyoya yao yana rangi za majani makavu na udongo. Akianguka kwenye nyasi ndefu, pua ya mbwa itampata pale ambapo macho ya mtu hayafui dafu. Kwa hiyo asiye na mbwa hana haki ya kupiga kama mwenye mbwa. Apige ndege mmoja kwa kila mruko hata kama wameruka kumi. Asipige anayeelekea kwenye kichaka cha miiba asichoweza kukipekua. Marisau madogo, namba 7½ au 8, na umbali usiozidi mita 30, vitamsaidia kuua badala ya kujeruhi. Ndege akianguka, asiondoe macho pale, aende moja kwa moja, atundike kofia yake hapo na kutafuta kwa kuzunguka huku akipanua duara. Asipompata, amhesabu katika idadi yake ya siku hiyo. Hili la mwisho naliona ni deni, kanuni iwe imelitaja au haikulitaja.

Kuna kware wa Montezuma pia, anayeishi kwenye milima yenye nyasi na mialoni huko Arizona, New Mexico na Meksiko. Huchimba mizizi kwa kucha zake ndefu, na akihisi hatari huganda mahali pamoja hata mtu akapita karibu yake bila kumwona. Huyo nawaachia wenye mbwa.

Kwa kware wa kawaida, yule anayehama kati ya Ulaya, Asia na Afrika, msimamo wangu ni mkali zaidi. Kwa karne nyingi huko Ulaya watu walitumia kifuko cha ngozi chenye kipenga cha mfupa kuiga sauti ya jike, na dume lilikuja mbio hadi wavuni. Ufundi wake naustahi. Kuutumia leo kumvuta ndege wakati wa kuzaliana siungi mkono, kwani pale unachezea kizazi kijacho. Kumtafuta ndege wa msimu wa baridi aliyekwisha kulea vifaranga ni jambo tofauti kabisa.

Mipaka hiyo inahusu saa pia. Kundi lililotawanywa jioni halina muda wa kukusanyika kabla ya giza, na ndege wanaolala mmojammoja kwenye baridi hawana joto la wenzao. Mimi huacha kuwinda jua lingali juu, na tangu hapo kipenga kinakaa mfukoni. Mwito wangu saa hizo ungemleta ndege kwangu wakati kundi lake linamwita kutoka upande mwingine wa korongo.