Kwa kijia cha msituni, panga fupi linanitosha

Kwa miaka mingi niliamini kwamba panga likiwa refu, kazi inakwisha mapema. Kwenye nyasi zilizosimama mahali pa wazi ni kweli, maana urefu huipa ncha kasi. Ila siku moja, ndani ya kijia chembamba, niliinua panga langu la nusu mita, ncha ikanasa kwenye mtambaa juu ya kichwa, likanigeukia mkononi na kunigonga goti. Kwa ubapa, namshukuru Mungu. Tangu hapo natembea na bapa la sentimita 30 hadi 35. Kiunoni halinipigi paja kila hatua, na linapita katikati ya matawi bila ugomvi. Unainama zaidi, hilo sibishi, na mgongo wangu hulalamika.

Wauzaji hupenda kukuonyesha zana ikipasua gogo. Kwa maoni yangu hicho ni kipimo cha bure. Kinachoziba njia mara nyingi si gogo, ni vijiti vya unene wa kidole, mitambaa na miiba iliyolala. Na kijiti kibichi ndicho mtihani wenyewe: ukikipiga kwa panga butu kinayumba, kinarudi mahali pake na kukuchapa uso. Kinataka makali na kasi, au kitu cha kukishikilia wakati unakikata. Ndiyo maana nauheshimu mundu. Ile ncha iliyojikunja inakamata shina, unavuta, limekatika.

Wapo waliojaribu kuunganisha viwili hivyo. Woodman's Pal, zana iliyobuniwa Marekani mwaka 1941, ina makali ya panga upande mmoja na ndoano upande wa pili. Ni wazo la mtu aliyewahi kufyeka kweli. Mimi lakini moyo hautulii: unaporudisha mkono nyuma, ndoano inakutazama wewe. Halafu jaribu kunoa ule mkunjo kwa tupa bapa. Haiingii, unahitaji ya mviringo.

Tawi likizidi unene wa kidole gumba mara mbili, naacha kulipiga. Natoa msumeno wa kukunja. Ile yenye meno ya kukata unapovuta ina bapa jembamba ambalo halipindi ovyo, kwa sababu linanyooshwa na mvuto wenyewe. Panga fupi na msumeno huo, kwangu, vinashinda zana moja inayodai kufanya yote.

Dukani mimi huanza na mpini. Naushika kwa nguvu, nalegeza, nauzungusha kidogo. Uwe na kisigino mwishoni, ili kiganja kikitoka jasho panga lisiruke. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, kisiishie katikati. Mpini wa mbao uliopakwa vanishi inayong'aa naupiga msasa ninapofika nyumbani, maana ule mng'ao ndio unaoleta malengelenge. Bapa la milimita 2 hadi 3 linatosha. Zaidi ya hapo unabeba shoka lenye umbo baya. Napenda chuma cha kaboni. Kinashika kutu usipokifuta na kukipaka mafuta, lakini kinanoleka kwa tupa ukiwa umekaa juu ya jiwe.

Na kunoa utanoa, hata kama ni jipya, kwa sababu mapanga mengi hutoka kiwandani na makali ya kukisia. Nalibana vizuri, naweka tupa kwenye nyuzi 20 hadi 25, nasukuma kuelekea mbele tu, kutoka upande wa mpini hadi ncha. Tupa ikikaa sawa inatoa mlio mmoja usiokatika. Ikiteleza, inapiga kelele kama sahani iliyokwaruzwa. Nikipitisha kidole gumba upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje, na kuhisi mkwaruzo mdogo ukingoni, ndipo ninapogeuza.

Kitu ambacho hakuna muuzaji aliyeniambia ni visiki. Panga hukata mshazari, na shina dogo lililokatwa mshazari ni mkuki. Niliouchonga mwenyewe uliingia kwenye soli ya kiatu changu wiki iliyofuata, nikipita palepale nimebeba kuni. Siku hizi nafyeka kwa panga, kisha napiga magoti na msumeno, narudi nyuma kisiki kwa kisiki, nakikata kila kimoja usawa wa ardhi.