Madokezo Yangu Yasifungwe Ndani ya Kishikwambi

Anayetaka kununua kishikwambi cha wino wa kielektroniki, chenye skrini inayofanana na karatasi, huuliza kwanza ukubwa wa skrini, uzito wa kalamu, maisha ya betri na kama rangi zipo. Ni maswali ya haki, lakini yanahusu upande wa kifaa ambao, kwa maoni yangu, umekwisha kukomaa. Skrini za sehemu kubwa ya vifaa hivi hutoka kwa kampuni moja, E Ink, iliyoanzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka katika maabara ya chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, na ndiyo maana vishikwambi viwili vya chapa tofauti, vikiwa vimezimwa, hufanana mno. Vinapowashwa ndipo tofauti hujitokeza, nayo imo katika programu. Swali ambalo mimi ningelitanguliza ni hili: nikiandika jambo pembeni mwa kitabu leo, nitalipata wapi, na kwa sura gani, siku nitakapolihitaji?

Teknolojia yenyewe huibebesha programu mzigo. Skrini ina vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, ambazo husukumwa juu au chini kwa nguvu ya umeme na kisha kutulia hapo bila kutumia umeme tena. Kwa kusoma, hakuna kinachopendeza kuliko utulivu huo. Kwa kuandika ni taabu, kwa sababu chembe huchukua muda kusogea, na programu hulazimika kuchagua kati ya kuonyesha viwango 16 vya kijivu polepole na kuonyesha nyeusi na nyeupe tu kwa haraka, huku ikiacha vivuli vya ukurasa uliotangulia. Vifaa vya Boox, vinavyotumia Android, humruhusu mtumiaji kuweka programu karibu yoyote na kuirekebishia kila moja kasi yake, ilhali reMarkable, chapa nyingine ya vishikwambi hivi, ina mfumo wake wenyewe wenye mambo machache. Mimi huupendelea uchache, kwani programu iliyobuniwa kwa ajili ya simu, yenye menyu zinazoteleza na picha zinazocheza, huchosha macho mara tu inapowekwa kwenye skrini ya aina hii.

Lakini tatizo lililo gumu zaidi halihusu kasi, linahusu mahali. Faili ya PDF, muundo uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ilikusudiwa kuuweka ukurasa katika sura ileile popote unapofunguliwa, na kwa hiyo mstari ninaouchora chini ya sentensi hubaki chini ya sentensi hiyo daima. Gharama yake ni kwamba ukurasa mpana ukiingizwa katika skrini ya inchi 10 herufi hupungua, na katika skrini ya inchi 6 karibu hausomeki. EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki, ni kinyume chake, kwa kuwa maandishi hutiririka na kujipanga upya kila msomaji anapoongeza ukubwa wa herufi au kupunguza nafasi za pembeni. Sasa, ikiwa nimezungushia neno duara kwa kalamu, kisha nikakuza herufi, neno huhama na duara hubaki likiwa limelizunguka neno jingine, au hewa tupu.

Watengenezaji wamelikabili jambo hili kwa njia mbalimbali. Kindle Scribe, kifaa cha Amazon cha kusomea na kuandikia, ilipotoka mwaka 2022 haikuruhusu kuandika moja kwa moja juu ya maandishi ya kitabu cha kawaida. Ilitoa kijikaratasi kilichofungwa kwenye neno, ambacho hufunguliwa kwa kuguswa. Wengi walikilalamikia. Mimi naona kilikuwa suluhisho la kweli kuliko lilivyosifiwa, kwa sababu kilikubali kwamba katika kitabu kinachotiririka dokezo huhusu sentensi, wala halihusu pahali fulani kwenye kioo. Baadaye ikaja njia ya kuyasukuma maandishi kando ili kuupa mwandiko nafasi ndani ya ukurasa, jambo linalopendeza macho ingawa huukatakata mtiririko wa aya.

Umuhimu wa kulifunga dokezo kwenye sentensi yake ulionekana wazi mwaka 2009, Amazon ilipofuta kwa mbali nakala za riwaya mbili kutoka katika vifaa vya wateja waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alikwenda mahakamani, na hoja yake ndiyo inayonigusa zaidi: madokezo yake yalisalia, lakini kitabu yalichokielekezea hakikuwepo tena, na hivyo yakakosa maana. Kampuni iliomba radhi. Hata hivyo, Februari 2025 kampuni hiyohiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya, na msomaji akapungukiwa na njia moja ya kujiwekea akiba.

Kwa sababu hiyo naipa nafasi ya juu KOReader, programu huria ya kusomea vitabu inayofanya kazi kwenye visomeo vya Kindle, Kobo na PocketBook na kwenye vifaa vya Android, ingawa menyu zake ni msitu na mgeni hupotea humo. Huhifadhi alama na madokezo katika folda iliyo kando ya kitabu chenyewe, na huweza kuyatoa yote kama maandishi ya kawaida, kila dokezo likiwa na nukuu yake. (Humruhusu pia msomaji kuongeza kamusi zake mwenyewe, neema kubwa kwa anayesoma katika lugha ambayo kampuni kubwa hazikuifikiria.) Upungufu wake ni kwamba ni programu ya kusoma hasa, anayependa kujaza kurasa kwa mwandiko wake atahitaji programu nyingine.

Kuhusu mwandiko, ningemshauri mnunuzi afanye jaribio dogo kabla ya kulipa: aandike juu ya ukurasa wa PDF, autoe, aufungue kwenye kompyuta, kisha ajaribu kuufuta mstari mmoja tu. Ukifutika, mwandiko umehifadhiwa kama alama zinazojitegemea, jambo ambalo PDF inaliruhusu. Ukigoma, huenda alichopewa ni picha tu. Ubadilishaji wa mwandiko kuwa herufi za chapa nao ujaribiwe kwa lugha anayoiandika kila siku, kwa kuwa programu isiyoijua lugha hiyo huyageuza maneno yake yafanane na ya lugha nyingine.

Kuna pia suala la malipo ya kila mwezi kwa ajili ya kuhifadhi madokezo mtandaoni. Sipingi kulipia huduma inayogharimu kuendeshwa, ila mkataba useme waziwazi kwamba siku nitakapoacha kulipa nitaweza bado kuchomeka waya na kutoa kila nilichokiandika, kwa muundo ambao programu nyingine inaweza kuufungua.